Kibajuni Si Kiswahili Kilichoharibika: Lugha na Maisha ya Visiwa vya Kaskazini, na Majirani Wao wa Kilifi

Mkaazi wa Malindi, Mambrui, Ngomeni au Watamu anayefika ufuoni asubuhi, wakati mashua zinaporudi, husikia Kiswahili cha namna nyingi. Mmoja anasema jana, mwingine anasema yana. Mmoja anaita njoo, mwingine anaita ndoo, na mtoto aliyezoea Kiswahili cha shuleni anaenda kutafuta chombo cha kutekea maji. Watu hucheka, kazi inaendelea, samaki wanapimwa.

Lakini kuna mahali ambapo tofauti hiyo haichekeshi. Darasani mtoto anaweza kukosolewa mbele ya wenzake kwa neno ambalo bibi yake amelisema maisha yake yote. Kwenye foleni ya huduma, mtu anaweza kuulizwa "wewe ni wa wapi?" kwa sababu tu ya matamshi yake. Makala haya yanaeleza Kibajuni ni lugha ya nani, kinafuata kanuni gani, kimebeba maarifa gani, na kwa nini jambo hili linawahusu wakaazi wa Kaunti ya Kilifi.

Wabajuni ni nani, na visiwa vyao viko wapi

Wabajuni ni watu wa pwani ya kaskazini kabisa ya Kenya na kusini mwa Somalia. Makao yao ya asili ni mlolongo wa visiwa vidogo na ukanda wa bara ulio mkabala navyo, kuanzia kisiwa cha Pate katika Kaunti ya Lamu hadi karibu na Kismayu. Upande wa Kenya kuna Faza, Kizingitini, Tchundwa na Mbwajumwali katika kisiwa cha Pate, kisha visiwa vya Ndau na Kiwayuu, na vijiji vya bara kama Mkokoni na Kiunga. Upande wa Somalia kuna visiwa kama Chula, Chovai na Koyama.

Majina yao yenyewe yanafundisha. Lugha yao huitwa Kibajuni, na pia Kitikuu. Neno Tikuu hufasiriwa kuwa ni nti kuu, yaani nchi kuu, kwa maana ya bara. Kwa hiyo Watikuu ni watu wa bara kubwa lililo mkabala na visiwa. Wenyewe hutamka Wachikuu. Jina jingine ambalo watu wa nje wamelitumia, Wagunya, wengi wao hawalipendi, na ni adabu kuliepuka.

Jina hilo la Watikuu linasahihisha dhana moja iliyoenea, kwamba Mbajuni ni mvuvi na hakuna zaidi. Kwa vizazi vingi Wabajuni walikuwa wakulima na wavuvi kwa pamoja. Walilala visiwani kwa usalama na kwa maji ya bahari, na wakalima bara. Walikata msitu, wakauacha ukauka, wakauchoma, kisha wakapanda. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma shamba walikesha wakiimba nyimbo zinazoitwa vave, ambazo ni miongoni mwa hazina kubwa za fasihi simulizi ya pwani. Nyimbo hizo hutaja miti, wanyama, ndege na hatua za kilimo kwa majina ambayo huwezi kuyapata katika kitabu cha shule.

Maisha ya kila siku yanayoongozwa na maji

Visiwa vya kaskazini viko mbali, na umbali huo haupimwi kwa kilomita tu. Msafiri anayetoka Malindi hufika Mokowe kwa gari, kisha huvuka kwa boti. Safari ya kwenda Faza au Kizingitini huangalia saa ya maji kwanza. Mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ni mwembamba na una kina kidogo, kwa hiyo vyombo hungojea maji yajae. Mtu anayesafiri na mgonjwa au na mzigo wa samaki anapaswa kujua maji yatajaa saa ngapi leo, na saa hiyo hubadilika kila siku.

Maji ya kunywa nayo ni hesabu nyingine. Visiwa vingi havina mto wala chemchemi, na visima vingi vina chumvi. Ndiyo maana watu wa visiwani walijenga majabia, yaani mabirika makubwa ya kukinga na kuhifadhi maji ya mvua. Jabia likikauka kabla ya mvua, kijiji hutegemea maji yanayoletwa kwa chombo.

Wanaume wengi huvua kwa mshipi, nyavu, jarife na malema. Kizingitini inajulikana sana kwa kamba mawe. Wengine hukata boriti za mikoko, ambazo huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Wanawake husuka ukili wa mikeka, huuza vyakula, hufuga, na maji yanapokupwa hushuka mwambani kuokota.

Wabajuni pia walikuwa mabingwa wa mtepe, chombo ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, kikaendeshwa kwa tanga la mraba lililosukwa kwa majani ya miyaa. Mitepe ilisafiri pwani yote hii hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo imebaki katika mifano ya makumbusho, katika picha na katika maneno ya wazee.

Lahaja ni nini, na kwa nini si makosa

Kiswahili hakikuzaliwa kikiwa kimoja. Kina lahaja zaidi ya kumi, ikiwemo Chimwiini cha Brava huko Somalia, na lugha za Komoro kama Kingazija ni ndugu zake zinazokaribiana nacho. Kaskazini kuna Kibajuni, Kisiu, Kipate na Kiamu. Mombasa kuna Kimvita. Unguja mjini kuna Kiunguja. Kila lahaja ina kanuni zake, na mzungumzaji wake huzifuata bila kufundishwa darasani, kama vile mtoto wa Kigiriama anavyofuata kanuni za Kigiriama.

Kiswahili sanifu kinachofundishwa shuleni ni lahaja moja iliyochaguliwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia kazi hiyo. Uamuzi huo ulikuwa wa kiutawala na wa kielimu. Uliwapa watu wa nchi kadhaa lugha moja ya kuandikiana. Haukusema, na haungeweza kusema, kwamba lahaja nyingine zilikuwa mbovu.

Kabla ya hapo heshima ya uandishi ilikuwa kaskazini. Utendi wa Tambuka, mojawapo ya tenzi kongwe za Kiswahili zenye tarehe inayojulikana, uliandikwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi, shairi linalotaja kuanguka kwa fahari ya Pate, limetungwa kwa lugha ya kaskazini. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama mmoja aliuandika mwaka 1858 kumuusia binti yake, ulitoka katika mazingira ya Pate, Siyu na Lamu. Kilifi nayo ina sehemu yake katika historia hii. Johann Ludwig Krapf, aliyehamia Rabai mwaka 1846, alikusanya maneno ya kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, hasa kwa kusikiliza Kiswahili cha Mombasa na jirani zake, si cha Unguja.

Kanuni zinazoonekana kwa macho

Anayedhani kwamba lahaja za kaskazini ni matamshi ya ovyo na atazame maneno machache ya Kiamu, lahaja ya jirani kabisa na Kibajuni. Panapo ch katika Kiswahili sanifu, mara nyingi pana t: macho ni mato, nchi ni nti, kichwa ni kitwa. Panapo nj, pana nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Panapo j, mara nyingi pana y, au sauti hiyo huanguka kabisa: jana ni yana, moja ni moya, maji ni mai, mji ni mui. Panapo vi- ya wingi, pana zi-: vitu ni zitu, vyombo ni zombo.

Mtu anayekosea hakosei kwa mpango namna hii. Makosa hayana utaratibu. Kanuni zina utaratibu. Kibajuni nacho kina alama zake kinachozitenga na Kiamu. Iliyo maarufu zaidi ni kugeuza t fulani kuwa ch: watu ni wachu, na Watikuu ni Wachikuu. Ndiyo sababu kisiwa kimoja huandikwa Tula na watu wengine na Chula na wenyeji.

Lahaja za pwani pia hutofautisha sauti ambazo maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Paa la nyumba na paa wa msituni huandikwa sawa, lakini wazee wengi wa pwani hutamka p ya mnyama kwa pumzi na p ya nyumba bila pumzi. Kaa la moto na kaa wa baharini ni vivyo hivyo. Mtoto anayezisikia tofauti hizi nyumbani anajua zaidi ya kilichoandikwa ubaoni.

Sasa mkaazi wa Kaloleni, Ganze au Magarini na aweke maneno ya Kigiriama kando ya hayo:

Macho katika Kiswahili sanifu: Kiamu mato, Kigiriama matso.
Nchi katika Kiswahili sanifu: Kiamu nti, Kigiriama tsi.
Maji katika Kiswahili sanifu: Kiamu mai, Kigiriama madzi.
Mji katika Kiswahili sanifu: Kiamu mui, Kigiriama mudzi.

Kila lugha imechukua njia yake kutoka mahali pamoja. Wataalamu wa isimu huliita kundi hili la lugha, yaani Kiswahili na lahaja zake, lugha za Mijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro, kwa jina la Sabaki. Jina hilo ni la Mto Sabaki, uleule unaoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika kitabu kizima juu ya historia ya kundi hili, kilichotoka mwaka 1993. Kwa maneno mengine, Mgiriama wa Marafa na Mbajuni wa Ndau hawasemi lugha za watu wasiohusiana. Wanasema lugha za ndugu, na undugu huo dunia ya wasomi imeuita kwa jina la mto wa Kilifi.

Namna Wabajuni walivyofika Kilifi

Uhusiano wa visiwa vya kaskazini na pwani ya Malindi na Kilifi ni wa zamani. Vyombo vya pwani vilifuata pepo: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, iliwaleta watu kusini, na kusi, inayoanza takriban Aprili, iliwarudisha kaskazini. Wavuvi walipiga kambi za msimu ufuoni, wakakausha samaki, wakauza, wakaoa, na wengine wakabaki.

Baadaye yalikuja mambo mazito zaidi. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, vijiji vya Wabajuni vya bara kuanzia Kiunga kuelekea kusini vilishambuliwa na kuhamwa. Watu waliacha nyumba, mashamba, minazi na makaburi ya wazee wao. Wengine walikimbilia visiwani, wengine Lamu mjini, na wengine wakashuka hadi Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi tena kulima bara. Hapo ndipo watu waliokuwa na miguu miwili, mmoja shambani na mmoja baharini, walipobaki na mguu mmoja. Hapo pia ndipo vave ilipoanza kukosa mahali pa kuimbiwa, kwa kuwa wimbo wa kuchoma shamba hauna kazi pasipo shamba.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya Somalia nao walipanda vyombo na kukimbilia pwani ya Kenya. Wengi wao waliishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi kambi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990. Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi Ulaya.

Leo familia zenye asili ya Kibajuni zinaishi Malindi, Watamu, Mambrui na Ngomeni, katika wadi ya Gongoni, pamoja na Wagiriama, Waswahili wa Malindi na jamii nyingine. Wengi wa vijana wao wamezaliwa hapa, wamesoma hapa na wanapiga kura hapa.

Lugha inapogeuzwa kuwa mtihani wa uraia

Kwa kuwa Wabajuni wanaishi pande mbili za mpaka, lugha yao imewahi kupewa mzigo ambao lugha haiwezi kuubeba. Nchini Uingereza, watu waliosema ni Wabajuni kutoka Somalia waliomba hifadhi, na maafisa wakatumia uchunguzi wa matamshi kujaribu kujua kama mwombaji ametoka Somalia au Kenya. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa uamuzi mahsusi uliohusu uwezo wa mwombaji kusema Kibajuni kama sehemu ya ushahidi. Mwaka huohuo kundi la wanaisimu wa kimataifa lilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya uchunguzi wa namna hiyo. Hoja yao kuu ni rahisi kuelewa. Namna mtu anavyosema huonyesha alikulia miongoni mwa watu gani. Haionyeshi ana uraia wa nchi gani, kwa sababu mipaka ya lugha na mipaka ya nchi hazilingani.

Hoja hiyo ina maana hata hapa nyumbani. Mtoto aliyekulia Ngomeni na bibi aliyetoka Chula atakuwa na maneno ya Chula kinywani. Mtoto wa Kiwayuu aliyelelewa Kilifi mjini anaweza asijue hata neno moja la Kibajuni. Wa kwanza si mgeni kwa sababu ya maneno hayo, na wa pili hajaacha kuwa Mbajuni kwa kuyakosa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaeleza jambo hili waziwazi. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Lafudhi haimo katika kifungu hicho. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa misingi mingi, na lugha ni mojawapo. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoipenda na kushiriki katika utamaduni wake. Kifungu cha 7 kinaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kisha kinaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo.

Maarifa yaliyomo ndani ya maneno

Lugha inapopungua, kitu cha kwanza kupotea mara nyingi ni maneno ya kazi. Kibajuni na ndugu zake wana hazina kubwa ya maneno ya bahari, na sehemu ya hazina hiyo wavuvi wa Kilifi wanaitumia kila siku.

Mfano ni maji. Bamvua ni siku za maji makubwa, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii inaweza kupita mita 3. Kati ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Anayejua anaishi siku gani ya mwezi anajua pia wakati wa kwenda mwambani kwa miguu, wakati wa kutega malema na wakati wa kuvuka mlango bila kukwama mchangani.

Mfano mwingine ni upepo. Mbali na kaskazi na kusi kuna matlai, upepo wa mashariki, na umande, upepo wa nchi kavu unaovuma usiku na alfajiri na kuwasaidia wavuvi kutoka. Kipindi cha pepo kubadilika huitwa maleleji. Mvuvi kijana aliyepewa neno moja tu, yaani "upepo", amenyang'anywa onyo ambalo babu yake alikuwa nalo.

Kuna pia hesabu ya mwaka. Pamoja na kalenda ya Kiislamu inayofuata mwezi, wakulima na mabaharia wa pwani walitumia mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Mwaka huo hugawanywa katika vipindi vya siku kumi, kila kimoja kikiitwa mwongo. Miongo 36 hufanya siku 360, na siku 5 zinazobaki hukamilisha mwaka. Kwa hesabu hiyo watu walijua mwongo wa kuanza kupanda, mwongo wa kufunga safari za mbali na mwongo ambao bahari huchafuka. Kwa kuwa kalenda ya mwezi hurudi nyuma kila mwaka kwa takriban siku 11, hesabu hii ya miongo ndiyo iliyofunga kilimo na bahari kwenye majira halisi.

Maarifa mengine yamebadilika matumizi. Wabajuni waliwahi kuvua kasa kwa njia ya ajabu, wakitumia samaki mwenye kinyonyo kichwani ambaye hujibandika kwenye gamba la kasa huku amefungwa kamba. Leo kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kumvua ni kosa. Lakini anayejua kasa hupita wapi, hutaga lini na hula nini bado ana elimu yenye thamani, na sasa inaweza kutumika kumlinda. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na ile ya Kiunga ya mwaka 1979, ziko katika maji ambayo watu hawa wameyapa majina kwa karne nyingi.

Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtafiti wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, aliifanya kazi hii ya kukusanya maneno maisha yake yote. Utungo wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, unaeleza ujenzi na safari ya chombo kwa msamiati wa mafundi na mabaharia. Yeye ndiye pia anayehusishwa na maneno mapya kama runinga na tarakilishi. Kwake kazi hizo mbili zilikuwa moja: anayetunza maneno ya kale ndiye mwenye mali ya kutengenezea mapya.

Mambo ambayo wakaazi wanaweza kufanya

Nyumbani. Mzazi anayesema Kibajuni, Kigiriama, Kichonyi, Kirabai au lugha yoyote ya eneo asiogope kuisema na mtoto wake. Mtoto hapotezi Kiswahili sanifu kwa kujua lugha ya nyumbani. Anajifunza vyote viwili ikiwa kila kimoja kinapewa nafasi na hakuna kinachoaibishwa.

Shuleni. Elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, na mtaala wa umilisi unaruhusu lugha ya eneo la shule kutumika katika madarasa ya awali hadi Gredi ya 3. Mwalimu anayemsikia mtoto akisema yana au kitwa anaweza kumwambia, "Hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani, katika mtihani tunaandika jana na kichwa." Sentensi hiyo moja humfundisha mtoto Kiswahili sanifu bila kumfundisha kuwaonea haya wazee wake.

Zahanati na hospitali. Mgonjwa akisema kitwa chaniuma, au akitumia neno la lugha yake kueleza maumivu, mhudumu amuulize maana badala ya kukisia. Mgonjwa naye ana haki ya kuomba aelezwe tena kwa maneno anayoyaelewa, hasa kuhusu kipimo cha dawa na tarehe ya kurudi. Jamaa anayefahamu lugha zote mbili anaweza kusaidia, ikiwa mgonjwa mwenyewe ameridhia.

Ofisi za umma na usajili. Majina yaandikwe kama mwenyewe au mzazi anavyoyatamka na kuyaandika, si kama karani anavyodhani yanapaswa kuwa. Herufi moja iliyobadilishwa katika cheti cha kuzaliwa humfuata mtoto hadi kwenye kitambulisho, cheti cha shule na hati ya shamba. Mzazi asome jina kabla ya kuondoka dirishani, na kama hasomi, amwombe mtu anayemwamini amsomee. Usajili wa watu na utoaji wa vitambulisho ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na mkaazi anayepata shida anaweza kuanzia kwa chifu wa eneo lake.

Ufuoni. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kama BMU, hukutana na wavuvi wa jamii zote. Mikutano hiyo ni mahali pazuri pa kuorodhesha majina ya miamba, milango, pepo na samaki kama wazee wanavyoyataja, kila jina na lugha yake. Daftari la senti chache na simu ya kurekodi vinatosha kuanza. Kazi hiyo isingoje, kwa sababu waliovua kwa miongo na kuimba vave shambani ni wazee sasa.

Mitaani. Mtu asiulizwe uraia wake kwa sababu ya lafudhi. Anayetaka kujua asili ya jirani amuulize kwa adabu, kama pwani ilivyozoea: baada ya salamu, na bila haraka.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa Kilifi, yenye lugha za Mijikenda, Kiswahili cha Malindi na Mambrui, na wageni wa kila pepo, asili haijawahi kuwa ya kabila moja. Kibajuni kimekuwa sehemu ya pwani hii tangu mashua za kaskazi zilipoanza kutia nanga Ngomeni, na wanaokisema ni wakaazi wa kaunti hii, wenye haki na wajibu sawa na jirani zao.